Jedwali Lisilouliza Limebeba Nini

Ukipewa jedwali la heshi la kompaila ulipime ubora, kasi iache kwanza. Tazama jedwali lenyewe linajua nini kuhusu vitu linavyobeba. Lililo bora halijui kitu.

Misafara ya karne ya 19 iliyofika Tabora, kisha ikaelekea Ujiji au Karagwe, ilijua kugawa kazi namna hiyo. Mpagazi wa Kinyamwezi aliangalia uzito, frasila mbili hivi. Kwamba merikani hufungwa mtumba, shanga hutiwa mifukoni na waya hukunjwa duara, hayo yalimhusu mfungaji. Katika msimbo, mpagazi ni jedwali. Mfungaji ni sehemu ndogo inayoeleza sifa za kila aina ya data.

Kompaila ya GCC ni mahali pazuri pa kuzoeza jicho. Jedwali lake la zamani la C, lililomo katika maktaba yake ya libiberty, hubeba vielekezi visivyo na aina: 0 ni nafasi tupu, 1 ni nafasi iliyofutwa. Kwa vielekezi haina shida, maana hakuna kitu halisi kinachokaa kwenye anwani hizo. Je, funguo zikiwa namba? 0 ni namba halali kama nyingine. Iingize, na jedwali litakuapia kwamba nafasi ile ni tupu. Ndiyo maana katika faili la hash-traits.h la kiolezo chake kipya cha C++, lililomo tangu toleo la 6 la mwaka 2016, anayetumia funguo za namba hutaja mwenyewe alama zake, tuseme -1 kwa tupu na -2 kwa iliyofutwa. Mimi mstari huo ndio ninaoutafuta kwanza. Usipokuwepo, "ujumla" wa kiolezo ni jina tu.

Kisha angalia hesabu ya kujaa. Jedwali la GCC hupangwa upya likifika robo tatu, na nafasi zilizofutwa huhesabiwa humo. Fundi mzembe huzisahau. Utafutaji hukoma kwenye nafasi tupu; siku nafasi hizo zikiisha, kutafuta ufunguo usiokuwepo huzunguka bila kikomo.

Ujumla nao una ulafi wake. Kiolezo chenye vigezo kumi, ambacho kosa lake moja hutapika kurasa tatu za malalamiko, sikisifu. Kipe aina mpya ya ufunguo: ukilazimika kugusa hata mstari mmoja wa jedwali, kirudishe kwa mwenyewe.