Utani Wenye Deni

Mguu wa Gordon umenaswa na mtego wa chuma, ule wa kutegea dubu, katikati ya msitu ambako yeye na wenzake wa kazini walikuwa wakicheza kurushiana risasi za rangi. Wenzake wanaushika mtego huku na huku, wanavuta kwa nguvu zote, unaanza kufunguka, kisha unawaponyoka na kumng'ata tena palepale. Wanarudia. Unawaponyoka tena. Mtazamaji aliyekuwa amefumba macho mara ya kwanza anajikuta anacheka, na kabla kicheko hakijamtoka vizuri mguu umekatika. Kisha linakuja suala la kuuhifadhi huo mguu ili madaktari waje kuushona. Steve anakabidhiwa kazi hiyo, na kilichopo ni friji ya basi, ndogo, ya kuwekea vinywaji. Mguu hauingii. Anausukuma, anaugeuza, anauvua kiatu, anajaribu upya. Steve hafanyi mzaha hata kidogo. Anahangaika kumsaidia mwenzake, na uhangaikaji huo ndio unaotuvunja mbavu.

Hiyo ni Severance, filamu ya Uingereza ya mwaka 2006 iliyoongozwa na Christopher Smith na kuandikwa na James Moran akishirikiana na Smith mwenyewe. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Wafanyakazi saba wa Palisade Defence, kampuni ya kubuni inayouza silaha, wanapelekwa na mwajiri wao kwenye milima ya Mátra nchini Hungaria wakapumzike, wacheze michezo na kujifunza kushirikiana. Mti umeanguka na kuziba barabara. Dereva anakataa katakata kupita njia nyingine, ile ya msituni, na ugomvi unapozidi anawaacha hapohapo. Wanatembea kwa miguu hadi kwenye jumba bovu ambalo meneja wao anasisitiza kuwa ndilo lenyewe. Porini kuna watu wanaowawinda.

Kwa maelezo hayo mtu anaweza kudhani ni filamu kama nyingine nyingi za kuuana msituni. Ninachoisifia ni ufundi wake, na ufundi huo unaanza na uamuzi wa nani atumwe porini. Filamu za aina hii, tangu The Texas Chain Saw Massacre ya 1974 na Friday the 13th ya 1980, zimezoea kuchukua vijana wa rika moja, marafiki, wenye hamu zilezile. Wakianza kufa, mtazamaji hupata shida kukumbuka nani alikuwa nani. Wafanyakazi wa ofisi moja ni habari nyingine. Hawakuchaguana. Umri wao haulingani, mishahara hailingani, na kila mmoja anamjua mwenzake kwa kasoro zake: huyu anajipendekeza, huyu anajiona anajua kila kitu, yule hafanyi kazi lakini hafukuzwi. Mwandishi anapewa wahusika saba waliokwisha kugombana kabla filamu haijaanza, na hana haja ya kutueleza kwa nini.

Zaidi ya hapo, anapewa cheo. Richard ndiye meneja, na ameigizwa na Tim McInnerny, ambaye Waingereza walikwisha kumzoea kama Kapteni Darling kwenye mfululizo wa vichekesho wa Blackadder, ofisa wa makao makuu anayejikomba kwa mkubwa wake na kuwatambia walio chini. Richard hajui njia, hajui ramani, hajui watu wake. Hata hivyo, yeye ndiye bosi. Basi wenzake wanamsikiliza, wananung'unika kichinichini, kisha wanamfuata. Hapo ndipo penye siri ya filamu nzima: kinachochekesha na kinachoua ni kitu kimoja. Ni ile adabu ya ofisini ya kutompinga mkubwa mbele za watu, ya kungoja uamuzi utoke juu, ya kujifanya mambo yako sawa ili mtu asionekane mkorofi. Kwenye kikao adabu hiyo inapoteza saa mbili. Msituni inapoteza watu.

Mwandishi mvivu angeishia hapo na kuanza kuchinja. Moran na Smith wana subira. Wanakopa kwanza. Kila mzaha wa nusu saa ya mwanzo ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Tazama suala la pai. Gordon, mtu wa kupenda kila mtu afurahi, anaikuta jikoni, anaipasha moto na kuwaandalia wenzake. Wanakula. Ndipo linapotokea jino la binadamu ndani ya chakula. Filamu dhaifu ingeweka muziki wa kushtua na mtu kupiga mayowe. Hapa wanaanza kubishana, kama watu wa ofisi wanavyobishana juu ya nani aliyeacha vyombo vichafu, na mabishano hayo yanaficha swali ambalo yeyote mwenye akili timamu angelianza nalo: nani aliipika hii pai, na yuko wapi sasa?

Usiku wanakaa kusimuliana habari za jumba hilo, na hapo uongozaji wa Smith unaonekana wazi. Harris anadai palikuwa hospitali ya vichaa, na simulizi yake inaonyeshwa kwa namna ya filamu bubu za zamani, zile za enzi za Nosferatu ya 1922. Jill ana simulizi ya wanajeshi waliogeuka wauaji, nayo ni nzito na ya kutia hofu. Steve kwake ni zahanati iliyojaa wauguzi warembo, na yeye yumo ndani yake akihudumiwa. Simulizi tatu, mitindo mitatu, na kila moja inamfichua msimulizi kuliko inavyolieleza jumba. Tunacheka, na katikati ya kicheko tumeshapewa sehemu ya ukweli bila kujua tumepewa ipi. Kumpa mtazamaji ukweli mkononi na kumfanya aupuuze ni kazi ngumu kuliko kumwaga ndoo ya damu.

Malipo mazuri kuliko yote ni ya Harris, anayeigizwa na Toby Stephens kwa majivuno ya mtu anayekosoa kila sentensi ya mwenzake. Mapema kabisa anashikilia kwamba kichwa cha mtu kikikatwa hubaki na fahamu kwa muda kidogo. Ni porojo ya safarini, ya kupitisha muda, wala hakuna anayeitilia maanani. Baadaye sana, basi walilolipata tena likiwa limepinduka, Harris anakatwa kichwa. Kamera inakaa na kichwa. Macho yanahama, yanauona mwili wake, na usoni linachomoza tabasamu. Alikuwa sahihi. Hakuna neno linalosemwa, hakuna muziki wa kutukumbusha mazungumzo yale, hakuna anayerudia hoja. Anayekumbuka atacheka, asiyekumbuka ataogopa tu, na bado hajadhulumiwa. Tabasamu hilo moja linamaliza habari ya mtu mzima: maisha yake yote alitaka kushinda ubishi, akaushinda.

Deni la pili kwa ukubwa ni la kampuni yenyewe. George, mkuu wa Palisade, yuko kwenye jumba jingine, zuri, lililokusudiwa tangu mwanzo, pamoja na wanawake wawili waliokodiwa kuwaburudisha wageni. Waliosalia wanapomfikia wakiwa hoi, anatoa kwa fahari kombora jipya la kampuni na kulifyatua kumwelekea muuaji. Kombora linaondoka kwa kishindo, linampita mlengwa, linapanda angani, linatafuta chenye joto zaidi. Wote wanaliangalia likienda. Juu huko inapita ndege ya abiria. Tunabaki chini pamoja na wale watu, tunatazama nukta ikiifuata nukta nyingine, na muda wa kungoja ni mrefu kiasi kwamba kicheko kinaanza, kinasita, kinaona aibu, kisha kinatoka tu. Kwa tukio hilo moja filamu imesema juu ya biashara ya silaha yote iliyotaka kusema, wala haikuhutubia.

Hata Richard analipwa haki yake. Anakanyaga bomu la kutegwa ardhini na kulazimika kusimama hapohapo, kwa kuwa akiinua mguu litalipuka. Meneja aliyeshindwa siku nzima kufanya uamuzi wa maana sasa ana uamuzi mmoja tu wa kufanya. Anamsubiri adui asogee, kisha anauinua mguu kwa hiari yake. Tulikuwa tumemdharau kwa zaidi ya saa nzima, na filamu inatunyang'anya dharau hiyo kwa hatua moja.

Mtu anaweza kuuliza: mbona haya yote hayageuki kuwa kebehi? Kwa sababu waigizaji wote wanaigiza kama wamo kwenye filamu ya huzuni. Andy Nyman, akiwa Gordon mtegoni, analia maumivu ya kweli. Laura Harris, akiwa Maggie, anaogopa kikwelikweli. Danny Dyer, aliye Steve, mvuta bangi asiyejali, anabadilika polepole kuwa mtu wa kutegemewa bila kupoteza ujinga wake. Hakuna anayetukonyeza. Na Smith anajua pa kuuzima mzaha. Jill anapokamatwa, akafungwa kwenye mti na kuchomwa moto, hakuna utani wowote: si wa picha, si wa maneno. Kifo hicho ni kigumu kutazama, nacho ndicho kinachoyapa uzito mengine yote, maana kuanzia hapo mtazamaji hana uhakika tena kama tukio linalofuata litamchekesha au litamuumiza. Filamu isiyo na kifo cha namna hiyo inakuwa katuni.

Ugumu wa kazi hii unaonekana pia ukizitazama nyingine. Corporate Animals ya 2019 ina wazo tamu: watumishi wa kampuni inayotengeneza vijiko na uma vya kulika wanakwama pangoni huko New Mexico pamoja na bosi wao, Demi Moore, na njaa inawaelekeza kulana wao kwa wao. Lakini wahusika wanatupiana vijembe tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho kwa sauti ileile, kwa hiyo hakuna kinachowekezwa wala kinacholipwa. The Belko Experiment ya 2016, iliyoandikwa na James Gunn na kuongozwa na Greg McLean, inawafungia wafanyakazi 80 ndani ya ofisi mjini Bogotá na kuwaamuru wauane. Hofu ipo, ila ofisi yenyewe inasahaulika upesi. Wangeweza kuwa abiria wa meli. Iliyojifunza vizuri ni Konferensen ya Uswidi, ya 2023, iliyoongozwa na Patrik Eklund kutoka kwenye riwaya ya Mats Strandberg. Humo wafanyakazi wa manispaa wanaenda kupongezana kwa mradi wa kituo cha maduka, na maovu yaliyofanyika kwenye upatikanaji wa ardhi ya mradi huo yanawafuata huko mapumzikoni. Pale tena kuna deni, na lipo kwenye majalada yao wenyewe.

Kwa wanaoandika filamu zetu, na hasa wanaoamini kwamba kuchekesha ni kumfanya mtu aanguke na kutisha ni kumpaka mtu unga usoni, somo liko hapo. Athari za damu zinahitaji fedha. Kupanga mzaha mapema na kuurudisha ukiwa umebadilika sura kunahitaji meza, kalamu na uvumilivu wa kuandika upya. Severance ina kasoro zake: wauaji hawana sura wala tabia, na wanawake wawili wa George wameandikwa kijuujuu. Hata hivyo ni filamu ya chini ya dakika 100 ambayo hakuna sentensi yake ya mwanzo inayokwenda bure.

Usiitazame na watoto, wala ukiwa unakula. Ukishaimaliza, rudi utazame nusu saa ya mwanzo peke yake, kabla damu haijamwagika, uhesabu madeni. Hapo ndipo utakapojua filamu hii imetengenezwa na watu wanaojua kazi yao.