Gari Kuukuu Kabla ya Mpando wa Rungwe

Barabara ya kutoka Kyela kwenda Mbeya huanzia kwenye tambarare ya mpunga na kakao, karibu na Ziwa Nyasa ambalo uso wake uko takriban mita 475 kutoka usawa wa bahari, kisha hupanda kupitia Tukuyu, ikaupita Mlima Rungwe ubavuni na kufika Isongole, penye mwinuko unaozidi mita 2,000, kabla ya kuteremka Uyole. Gari jipya huumaliza mpando huo bila kelele. Land Rover ya miaka ya 1970, au Hiace iliyokwisha kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa, huukabili kama mtihani, na maandalizi yake hufanywa siku chache kabla, nyumbani, na mwenye gari mwenyewe akiwa na spana, jeki na kopo la grisi. Ufundi huo unastahili sifa kwa sababu moja iliyo juu ya nyingine zote: gari halitengenezwi hivihivi tu, bali hutengenezwa kwa ajili ya njia fulani, na anayelitengeneza hulazimika kuijua njia hiyo sawasawa na anavyoijua injini.

Kazi huanzia uvunguni, kwa kuwa Kyela ni nchi ya maji. Mvua za masika huifurisha mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na njia za udongo ziendazo mashambani hugeuka madimbwi. Gari linapoingia kwenye maji baridi baada ya mwendo mrefu, difu, yaani kasha la gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya ekseli moja, huwa bado la moto. Hewa iliyomo ndani hupoa ghafla, husinyaa, na kuvuta chochote kilicho karibu ili kujaza nafasi yake. Ekseli ina tundu dogo la kupumulia kwa ajili ya haja hiyo, lakini tundu hilo likizibwa na tope, kinachovutwa ndani ni maji, nayo hupenya kwenye sili, ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje. Hakuna mlio utakaomwonya dereva siku hiyo. Ajuaye kazi huliacha gari lilale usiku kucha, kisha asubuhi hulegeza kidogo bolti ya kumwagia mafuta chini ya difu, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta na hutangulia kutoka. Yakidondoka matone ya maji, au mafuta yenyewe yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, sili imekwisha na beringi zimo hatarini.

Upande wa injini, kitu kinachodharauliwa kuliko vyote ni mfuniko wa rejeta. Kadiri gari linavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema zaidi, kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kila mita 300, hivi kwamba maji ya wazi yanayochemka kwenye nyuzi 98 Kyela huchemka kwenye nyuzi 93 hivi Isongole. Mfuniko wenye springi na mpira mzima huubana mvuke na kukipandisha kiwango hicho hadi kupita nyuzi 110. Mfuniko uliochoka huuachia mvuke, na gari huchemsha kwenye kona za Tukuyu huku mwenye gari akiilaumu rejeta isiyo na kosa. Kipimo chake hakihitaji mashine: injini ikishapata joto, mpira wa juu wa rejeta hubinywa kwa vidole, na usipokuwa mgumu, shinikizo linapotea mahali fulani, na mfuniko ndio wa kwanza kushukiwa.

Jirani ya mfuniko huo kuna themostati, kilango chenye nta ndani yake kinachofunguka maji yakifika joto lililopangwa. Mafundi wengi huing'oa na kuitupa, na katika joto la Kyela hoja yao inaeleweka; hata hivyo ni dawa mbovu, maana injini isiyo na kilango hicho hupoa kupita kiasi kwenye baridi ya Isongole, hasa inapoteremka bila kufanya kazi, ikachoma mafuta vibaya na kujichakaza. Heri kuichemsha kwenye sufuria juu ya mkaa na kuitazama ikifunguka, kazi ya dakika chache inayoondoa ubishi wote.

Safari ya kurudi ina hatari yake, kwa kuwa mteremko wa zaidi ya mita 1,500 huzichosha breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yale ya daraja la DOT 4, ambayo yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, huruhusiwa kushuka hadi nyuzi 155 yakishanyonya maji. Yakichemka, mapovu hubonyea na pedali huzama hadi sakafuni. Kuyabadilisha na kutoa upepo ni kazi ya watu wawili: mmoja chini akiwa na spana, mpira mwembamba na chupa, mwingine, aghalabu utingo, juu kwenye pedali akisubiri amri. "Kanyaga, shikilia," na haruhusiwi kuachia mpaka aambiwe, la sivyo upepo hurudi na kazi huanza upya.

Wanaoijua kazi hii hawafungui mifumo miwili kwa mkupuo, kwani chombo kilichofunguliwa ni chombo kisicho na kinga. Ziwa Nyasa lenyewe lina ushahidi wake: Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, ambako leo ni Liuli, pale Guendolen ya Waingereza ilipoifyatulia mizinga, na nahodha wa meli hiyo ya Wajerumani hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza. Mwenye gari hana adui wa namna hiyo, ila ana mgonjwa anayeweza kuhitaji kupelekwa hospitali usiku.

Kujitengenezea si kujidai mjuzi wa kila kitu. Pampu ya dizeli na nozeli huhitaji mashine za kupimia, na kuzifungua kwa bisibisi ya nyumbani ni ujeuri. Yaliyobaki humalizwa kwa jaribio: gari hupandishwa kidogo kuelekea Tukuyu na kurudishwa, nati za magurudumu hukazwa upya, na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, hukaribiwa kwa kiganja. Ile yenye joto kuliko wenzake, ama breki yake inakwama ama beringi yake imekazwa mno, na hufunguliwa siku hiyohiyo, hata kama magunia ya mchele yamekwisha kupakiwa na wenye mzigo wanapiga simu.