Kiti, Mti na Ndege: Picha na Sauti katika Madarasa ya Bujumbura

Mwalimu wa Kiswahili mjini Bujumbura ana neema iliyo mtego vile vile. Wanafunzi wake wengi huzungumza Kirundi nyumbani, nacho ni ndugu wa Kiswahili. Hivyo hudhani wamekwisha kuelewa kabla hawajaelewa. Mtoto akisikia "kiti" hukumbuka igiti, yaani mti. Akisikia "mti" hukumbuka umuti, yaani dawa. Mwenziwe wa Buyenzi, aliyekua na Kiswahili mtaani, hucheka.

Kwa maneno ya namna hii picha ya ukutani yashinda fasiri yoyote, hata ikiwa imechorwa kwa chaki. Lakini hatukubaliani na wanaoamini kwamba picha yatosha. Tutazame neno "ndege". Kwa Kirundi, indege ni chombo cha kusafiria angani. Mwenye manyoya huitwa inyoni. Mwalimu akichora ndege tawini na kuandika jina lake chini, darasa litashangaa. Hapa kifundishacho ni sentensi isikikayo: "ndege ametua" si sawa na "ndege imetua". Upatanisho huo hauchoreki. Ni kazi ya sauti, iwe ya mwalimu au ya redio. Na redio peke yake, kwa upande wake, haiwezi kumtenga kiti na igiti.

Katuni huleta vyote viwili pamoja, ila si zote zifaazo. Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo hufundisha hesabu na sayansi, ikichukulia kwamba Kiswahili chenyewe kipo tayari. Kwa madarasa ya chini twaipendelea Akili and Me, kisa cha msichana wa miaka minne aishiye chini ya Kilimanjaro, kwa kuwa ilitungwa kwa watoto wadogo zaidi.

Mtoto wa Burundi hufundishwa Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili katika shule ya msingi. Vipindi vyetu ni vichache, na katuni iachwayo ijiendeshe yenyewe huvimaliza bure. Heri mwalimu aizime sauti, ampe mtoto wa Buyenzi nafasi ya kusimulia aonayo, kisha airudishe sauti ili wote walinganishe. Huyo naye ana la kujifunza, maana Kiswahili cha mitaani hakilindi daima tofauti ya "ametua" na "imetua".