Mistari inayocheza: vitambaa vya maganda vya Wambuti

Bandugu wa chama, mtu akitaja uchoraji wa abstrakti, wengi wetu tunafikiri Paris ao New York. Mimi ninasema tuanzie Ituri.

Kwa Wambuti kazi ni ya watu wawili. Mwanaume anatoa ganda la ndani la miti ya jamii ya mtini, analipiga na nyundo ya mti ao ya pembe ya tembo mpaka linalainika. Halafu mwanamke anachora. Rangi yake ni maji ya tunda la gardenia na makala. Kalamu yake, kijiti ao kidole. Njo vile tu.

Angalia sasa kazi yenyewe. Mistari inaanza pamoja, inakatika katikati, mingine inaingia kutoka pembeni, kisha nafasi kubwa inabaki wazi. Kuna wenye wanasema: hakumaliza, ao hajui kupima. Sikubali. Ile nafasi wazi inafanya kazi, sawa kimya kati ya mapigo ya ngoma. Wambuti wanaimba hivyo pia: sauti moja inaingia, ingine inaachia, hakuna moja inayotawala. Na nyuzi za ganda hazikufumwa kama pamba. Kila moja imelala njia yake. Mstari ulionyooka kabisa ungepigana na kitambaa. Huu unakifuata.

Lakini kosa kubwa naliona kwenye namna ya kuvionyesha. Kitambaa hiki kilifanywa kivaliwe: kinapita kati ya miguu, kinafungwa na mkaba kiunoni, mwenyewe anacheza. Kikikunjwa, mistari yenye ilikuwa mbali inakutana. Mwili ukigeuka, mchoro unageuka. Ukikitandaza ndani ya kioo, ukutani, umebakisha nusu ya kazi. Kuweka karibu yake hata picha moja ya mchezaji kungesaidia.

Tena, mara nyingi karatasi ya pembeni inaandika "Mbuti" tu, kama vile kabila zima lilishika kijiti kimoja. Mchoraji wa Ulaya akiacha nafasi wazi, tunatafuta jina lake na mawazo yake. Mama wa Ituri akiiacha, tunasema ni desturi.

Kwa hiyo, mwenye atafika kule na kununua kitambaa, aulize jina la mama aliyekichora, aliandike nyuma. Ni kazi ya dakika moja.