Adabu ya Mgeni Jukwaani

Hapana heshima iliyo tamu kwa mwanafunzi kama kuitwa na mwalimu wake aketi kando yake mbele ya watu. Hapana pia mtihani uliofichika zaidi ya huo. Ukitaka kuuona kwa macho yako, msomaji, itazame filamu iliyopigwa usiku wa tarehe 22 Novemba 1981 katika Checkerboard Lounge, ukumbi mdogo wa muziki upande wa kusini wa mji wa Chicago, Marekani. Filamu hiyo ilitolewa rasmi mwaka 2012, nayo ndiyo nitakayo kuipima hapa.

Mwenyeji wa usiku ule alikuwa Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gita wa muziki uitwao bluzi. Alikulia katika mashamba ya pamba ya Mississippi, akahamia Chicago mwaka 1943, na huko akautia muziki wa shamba nguvu ya gita la umeme. Wageni wake walikuwa Mick Jagger, Keith Richards na Ronnie Wood wa kundi la Rolling Stones la Uingereza, pamoja na Ian Stewart, mpiga piano wao. Kundi hilo, lililoanza London mwaka 1962, lilipata jina lake katika wimbo ambao Muddy Waters aliurekodi mwaka 1950. Basi waliingia ukumbini wakiwa matajiri na mashuhuri kuliko mwenyeji, walakini katika ufundi ule walikuwa watoto wake.

Ili uweze kuhukumu, yakupasa kwanza kujua jinsi bluzi ilivyojengwa. Ubeti wake aghalabu una mistari mitatu: wa kwanza hutoa neno, wa pili hulirudia, wa tatu hulijibu. Mwimbaji amalizapo mstari hunyamaza kidogo, na katika kimya hicho gita au kinanda cha mdomo husema neno lake. Bluzi, kwa hiyo, ni mazungumzo kama yalivyo mashairi ya kujibizana. Nafasi ya mgeni ni ile ya kimya. Akiingia kabla ya wakati, amemkata mwenyeji kauli. Akichelewa, ameliacha neno bila mwitiko.

Sasa tazama na usikilize. Katikati ya wimbo mzee analitaja jina la Jagger, na Jagger anapanda jukwaani. Richards naye anaitwa, na njia yake ya kufika ni kupita juu ya meza. Mwanzo huo una pupa ya vijana. Lakini mara wimbo unapokamata, pupa hupoa. Jagger, aliyezoea kutawala viwanja vya maelfu ya watu, anamtazama mzee na kungoja zamu yake. Richards anashika mapigo ya chini, asitafute kung'aa. Hapo ndipo filamu hii ilipo na thamani kubwa: si katika ufundi wa vidole, bali katika macho ya watu wazima wanaosikiliza kama wanafunzi.

Walakini sifa isifunike kasoro. Kadiri usiku unavyoendelea, jukwaa hujaa. Buddy Guy na Junior Wells, mabingwa wa Chicago wenyewe, wanaongezeka, na magita yanakuwa mengi kuliko nafasi za kujibu. Kile kimya kilichokuwa roho ya bluzi kinazibwa, na mara kwa mara furaha hushinda muziki. Jagger naye, akisahau, hurudia kauli ya mzee kwa mbwembwe ambazo mzee hakuzihitaji. Muddy Waters hasemi kwa nguvu. Husema kwa uzito, na kila aliyejaribu kumpita kwa sauti alibaki nyuma.

Yamkini utasikia watu wakisema kwamba mkutano ule ulitokea kwa bahati tu. Usikubali upesi. Kamera hazioti ukumbini kama uyoga, wala wapigaji picha hawakesha pasipo kujua wanachongoja. Tena liko swali gumu zaidi: je, kupanda jukwaani kwa mwalimu ni kulipa deni la kujifunza kwake? Nasema sivyo. Nyimbo za watu weusi wa Marekani ziliwatajirisha wengi kuliko waliozitunga, na heshima ya usiku mmoja haigeuki kuwa mali. Lakini heshima ile ilikuwa na kazi yake. Iliwaonyesha mashabiki wa wanafunzi chemchemi ilikotoka, nayo ikaonyeshwa ingali inatiririka. Muddy Waters alifariki tarehe 30 Aprili 1983, na filamu hii imetuwekea mmoja wa usiku wake wa mwisho wenye nguvu.

Huenda nawe siku moja ukaitwa kukaa na wale unaowastahi, katika muziki, mjadala au kazi ya mikono. Jiandae kwa kujifunza ufundi, kwa maana adabu bila ufundi ni kukaa bure. Kisha ukiisha kuketi, sikiliza mpaka ujue nafasi yako i wapi. Sema neno lako hapo, ulimalize, na umrudishie mwenyeji wimbo wake.