Mstari Uliotangulia Wenzake

Mgonjwa wa kisukari wa Ruring'u, Nyeri, anaweza kuacha chai na nduma siku mbili kabla ya kliniki, akatobolewa kidole, namba ikapendeza. Kipimo cha HbA1c hakidanganyiki kwa ujanja huo. Kinapima sukari iliyonata kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Glukosi huinatia polepole, haibanduki, na kwa kuwa chembe huishi siku 120 hivi, kiasi kilichonata husimulia miezi miwili mitatu iliyopita, karamu na mfungo pamoja.

Namna ilivyogunduliwa ndiyo inayonivutia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Samuel Rahbar wa Tehran alikuwa akitafuta himoglobini zisizo za kawaida kwa elektroforesi: damu huwekwa kwenye jeli, umeme ukapita, kila protini ikaenda kwa mwendo wake. Ukaonekana mstari uliotangulia wenzake. Mwingine angelaumu jeli, akaosha vyombo, akaenda zake. Rahbar aliuliza mstari ule ni wa nani, akaambiwa mgonjwa wa kisukari. Akapima wengine wenye ugonjwa huo, mstari ukawapo. Mstari huo ndio HbA1c; alichapisha mwaka 1968.

Kisha ikaja kazi ndefu isiyo na shangwe. Mwaka 1976 Ronald Koenig, Anthony Cerami na wenzao wa New York walionyesha kuwa kiasi cha HbA1c hushuka sukari ikidhibitiwa. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, wenye wagonjwa zaidi ya 1,400, ulithibitisha kwamba kukishusha hupunguza madhara ya macho na figo. Tangu hapo dawa mpya ya kisukari huweza kupimwa ndani ya miezi, bila kungoja watu wapofuke ndipo ijulikane kama haifai. Miaka 25, kwa ajili ya mstari mmoja!

Na bado haujaisha kuchunguzwa. Mwaka 2019 utafiti wa jenomu za Waganda ulihusisha HbA1c na kasoro ya kurithi ya himoglobini, alfa-thalasemia, iliyoenea penye malaria. Yaani namba yaweza kusogea kwa sababu ya chembe zenyewe, sukari ikiwa pale pale. Nyeri ni baridi na malaria ni nadra, ila wakazi wake hawakuzaliwa wote huko. Fundi wa maabara makini akiona HbA1c iko chini isivyolingana na sukari ya kidoleni, kabla ya kumpongeza mgonjwa huuliza kwao ni wapi, na kama ameongezewa damu karibuni.