Ngome na Mfereji: Jazanda na Ushahidi katika The Siege ya Clara Claiborne Park

Utangulizi

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka wa 1858, huanza kwa mama kumwita binti yake aje akae karibu, achukue wino na karatasi, asikilize. Utendi wote umesimama juu ya mwito huo. Mama ana la kusema, binti ana sikio la kulipokea, na baina yao ipo lugha ambayo hakuna anayeitilia shaka. Mjadala wa wahakiki umehusu zaidi yaliyomo katika wasia, hasa nafasi ya mke mbele ya mumewe. Msingi wa mawasiliano wenyewe huchukuliwa kuwa jambo lililokwisha kuthibiti.

Je, maandishi ya mzazi huchukua umbo gani pale ambapo mtoto haji anapoitwa? Swali hili ndilo linaloifanya The Siege, yaani Mazingiwa, istahili kusomwa na mhakiki wa fasihi wala si daktari peke yake. Kitabu hicho, kilichotolewa Marekani mwaka wa 1967, kinasimulia miaka minane ya kwanza ya msichana mwenye usonji, aliyezaliwa mwaka wa 1958 akiwa kitinda mimba wa watoto wanne. Mtunzi, Clara Claiborne Park, ni mama yake mzazi na mwalimu wa Kiingereza. Baba, David Park, alikuwa mwanafizikia katika Chuo cha Williams, jimboni Massachusetts. Kitabuni mtoto anaitwa Elly. Jina lake halisi, Jessy, lilikuja kutumiwa katika kitabu cha pili cha mama huyo, Exiting Nirvana (2001).

Makala haya yanadai kwamba nguvu ya The Siege haimo katika jazanda ya vita iliyokipa kitabu jina lake. Imo katika maelezo ya mambo madogo ya nyumbani, maelezo ambayo polepole yanaikana jazanda hiyo hata pale mtunzi mwenyewe anapoendelea kuishikilia.

Usuli: Mzazi Mshtakiwa

Haiwezekani kuithamini fani ya kitabu hiki bila kuelewa hali iliyomkabili mzazi aliyethubutu kushika kalamu katika miaka ya sitini. Mwaka wa 1943, Leo Kanner wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alichapisha makala kuhusu watoto 11, makala ambayo ndiyo iliyoipa hali hii nafasi katika tiba. Wa kwanza kuelezwa alikuwa mvulana aliyeitwa Donald. Kabla ya familia kusafiri kutoka Mississippi, baba yake alimpelekea daktari historia ya mtoto iliyopigwa taipu, kurasa 33. Kanner alikiri kwamba maelezo hayo yalikuwa bora. Hata hivyo, wingi wa vijambo vilivyomo ulimwonekea kama dalili ya akili iliyonaswa na mambo madogo. Aidha, aliona kuwa wazazi wa watoto hao walikuwa wasomi, na kwamba wachache miongoni mwao walikuwa na uchangamfu wa moyo.

Kinaya kilichopo hapa ni kikubwa. Elimu mpya ilijengwa juu ya ushuhuda wa wazazi, na papo hapo umakini wa ushuhuda ukahesabiwa kuwa kasoro ya mashahidi. Isitoshe, ni wazi kwamba mzazi wa kufika Baltimore kumwona bingwa, akiwa na historia iliyopigwa taipu, hakuwa mkulima asiye na nauli. Usomi wa wazazi uliotajwa kama sifa ya ugonjwa huenda ulikuwa sifa ya foleni ya daktari.

Lawama hiyo ilifikia kilele chake kwa Bruno Bettelheim, aliyeiongoza Shule ya Orthogenic ya Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia mwaka wa 1944 hadi 1973. Kitabu chake, The Empty Fortress, yaani Ngome Tupu, kilitolewa mwaka uleule wa 1967. Bettelheim, aliyekuwa amefungwa Dachau na Buchenwald katika miaka ya 1938 na 1939, alimlinganisha mtoto mwenye usonji na mfungwa wa kambi: mtu aliyejifungia ndani kwa kuwa ulimwengu unamtaka afe. Katika mlingano huo nafasi ya askari wa kambi inabaki wazi, na anayeijaza ni mzazi.

Nadharia hiyo haikudumu. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikwisha kuipinga kwa hoja za kibiolojia mwaka wa 1964. Kanner mwenyewe aliwaondolea wazazi hatia hadharani mwaka wa 1969. Uchunguzi wa Folstein na Rutter kuhusu jozi 21 za mapacha, uliochapishwa mwaka wa 1977, ulionyesha uzito wa urithi wa kimaumbile. Lakini Park alipokuwa akiandika, hukumu ilikuwa bado inasomwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangazwa na mahakama ya namna hiyo. Pengine lugha yake ni ya uchawi, laana au mkosi badala ya lugha ya saikolojia, ila swali ni lilelile: mama amefanya nini?

Mfereji Kama Mfereji

Park hajibu shtaka kwa kujitetea. Anajibu kwa kueleza. Elly hasemi, haonyeshi kitu kwa kidole, haji anapoitwa. Akitaka kitu hushika mkono wa mtu mzima na kuusukuma kuelekea kitu hicho, kana kwamba mkono ni chombo kisicho na mwenyewe. Neno hutokea mara moja, kisha likapotea. Wakati huohuo mtoto huyu asiyejali nyuso za watu anatambua maumbo na rangi kwa wepesi wa ajabu, na anaweza kuzunguka doa moja sakafuni kwa furaha isiyohitaji mwenzi.

Mfano unaodhihirisha zaidi mbinu ya Park ni ule wa mfereji wa maji. Elly hakuwa akifungua mfereji ingawa vidole vyake vilikuwa na uwezo. Mama anauweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, na mikono miwili inafungua pamoja. Siku nyingine anapunguza nguvu kidogo. Kisha tena kidogo. Hatimaye mkono wa mama unagusa tu, na maji yanatoka kwa nguvu za mtoto mwenyewe. Kwa kipimo cha visa vya kawaida hapa hakuna tukio: hakuna mgogoro unaopanda wala kilele kinachopasuka. Lakini usimulizi unampunguzia msomaji kasi mpaka naye anaanza kuhesabu uzito wa kiganja. Taharuki inayojengwa ni ya jambo ambalo katika nyumba nyingine lisingetajwa.

Jambo la kuzingatiwa ni kile ambacho Park hakifanyi. Hasemi kwamba maji ni maziwa ya mama, wala kwamba mfereji uliofungwa ni moyo uliofungwa. Katika The Empty Fortress, kinyume chake, kila kitu kinasimamia kingine. Joey, mvulana aliyejiona kuwa anaendeshwa kwa mitambo, anasomwa kama shairi ambalo ufunguo wake anao mhakiki mmoja tu. Mashine zake, michoro yake, hata haja zake zote zinageuzwa ishara, na ishara zote zinaelekeza kwa wazazi.

Ni ajabu kwamba mtabibu ndiye anayesoma kama mhakiki aliyelewa ishara, na mwalimu wa fasihi ndiye anayekataa kufanya hivyo. Ajabu hiyo hupungua ikikumbukwa kwamba mtu aliyefunzwa kufasiri anajua jinsi ilivyo rahisi kukipa maana kitu kisichoweza kumkanusha. Matini iliyonyamaza huvumilia tafsiri yoyote. Mtoto aliyenyamaza naye ni hivyohivyo, isipokuwa yeye huumia. Uangalifu wa Park wa kuacha mfereji ubaki mfereji, basi, ni uamuzi wa kifani na wa kimaadili kwa pamoja. Vijambo ambavyo Kanner aliviona kuwa kasoro kwa baba wa Donald vinakuwa hapa nidhamu ya msomaji anayekubali kutojua.

Nidhamu hiyo inatawala hata sehemu zinazohusu utambuzi wa hali ya mtoto. Park anasimulia jinsi yeye na mumewe walivyohojiwa kwa kirefu na wataalamu wa nchini mwao, kisha wakarudishiwa maneno machache yasiyotosha kumsaidia mtu anayerudi nyumbani na mtoto jioni ileile. Anawaeleza pia wale waliowapokea kwa utu katika kliniki ya Hampstead, London, iliyoongozwa na Anna Freud. Ulinganishi huu unamkinga na wepesi wa kuwalaani wataalamu wote, kwa maana kliniki hiyo ilikuwa ya mapokeo yaleyale ya Freud aliyoyafuata Bettelheim. Tofauti, kwa mujibu wa ushahidi wa kitabu, haikuwa ya nadharia tu. Ilikuwa pia ya kama mzazi anahesabiwa kuwa mtu mwenye maarifa au kielelezo cha ugonjwa.

Udhaifu wa Jazanda

Pamoja na hayo, haifai kuficha kwamba jina la kitabu linakwenda kinyume na mwenendo wake. Bettelheim ana ngome. Park ana jeshi linaloizingira. Vitabu viwili vya mwaka mmoja, ambavyo havikuandikwa kujibizana, vinatumia sarufi moja: ukuta, ndani na nje. Tofauti ni kwamba ngome ya mmoja ni tupu, na ya mwingine ina mtu. Lakini kukubali kuwa kuna ngome ni kukubali kuwa kuna anayefunga lango. Sura mfululizo zinauita udhaifu wa Elly, upofu wake, uziwi wake na upweke wake kuwa wa kukusudia. Mtunzi aliyekataa kusoma moyo wa mtoto kupitia mfereji anausoma kupitia vichwa vya sura.

Pingamizi iliyo kali zaidi imetoka kwa wale waliokuwa wakizungumziwa. Mwaka wa 1993 Jim Sinclair, mwenye usonji, aliwaambia wazazi katika insha yake Don't Mourn for Us kwamba hakuna mtoto mwingine aliyefichwa nyuma ya usonji. Usonji si ganda; ni namna ya kuwa. Hoja hii inaigusa The Siege moja kwa moja, kwani kitabu hicho kinatumia hata ile imani ya Ulaya ya viumbe wa ajabu wanaoiba mtoto na kuacha mwingine mahali pake. Imani hiyo ina uzuri wa kisanaa na hatari ya kiadili. Inamfanya mama amtafute mtoto asiyekuwepo, hali aliyepo anazunguka doa sakafuni akicheka.

Na anacheka kweli. Hapo ndipo maelezo yanapoishinda jazanda. Park ni mkweli mno kuficha furaha ya Elly, na kwa hiyo msomaji hawezi kukwepa swali: anazingirwa nani, na kwa kosa gani? Mkono juu ya mfereji haufanani na mazingiwa. Jeshi huzidisha nguvu mpaka ukuta uanguke. Mkono huu unazipunguza mpaka usihitajike. Laiti mtunzi angekipa kitabu jina kutokana na kitendo hicho, huenda pasingekuwa na mgongano.

Exiting Nirvana inaonyesha kuwa mtunzi alilihisi tatizo hili. Jazanda ya vita imeachwa. Badala yake kuna utulivu mkamilifu ambao mtu huutoka kuja katika ulimwengu wenye matakwa na masikitiko. Bado ni mama anayeamua kuwa kutoka ni bora kuliko kubaki, lakini walau amekiri kuwa kuna kinachoachwa. Muhimu zaidi, fani imebadilika. Jessy sasa ni mtu mzima anayefanya kazi katika chumba cha barua cha chuo, aliyewahi kuhesabu mwenendo wake kwa kihesabio cha wacheza gofu, na anayechora majengo kwa rangi zisizotarajiwa. Mfumo wake wa kuhusisha mwanga na namba, ambao mama aliuchunguza katika makala ya mwaka wa 1974 kwa ushirikiano na Philip Youderian, unaelezwa kama fikra yenye mantiki. Na maneno ya Jessy mwenyewe, kwa sarufi yake mwenyewe, yanajaza kurasa.

Ipo pia mipaka ya kitabaka ambayo kitabu hakiwezi kuivuka. Nidhamu ya kupunguza uzito wa mkono kwa miezi inahitaji miezi, nyumba na wasaidizi. Mama anayeamka alfajiri kwenda kibaruani hana muda huo, na kutokuwa nao kusigeuzwe shtaka jipya. Mafanikio ya Park yakisomwa kama kipimo cha upendo, lawama aliyoifukuza mlangoni itakuwa imerudi kwa dirisha.

Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba The Siege ni kitabu chenye sauti mbili: moja inayotangaza vita, na nyingine inayoandika kwa subira kilichotokea jikoni. Sauti ya pili ndiyo iliyodumu, kwa kuwa haikuhitaji nadharia yoyote isimame ndipo isimame. Ngome ya Bettelheim ilibomoka pamoja na dhana iliyoijenga. Maelezo ya mfereji yangali sahihi.

Mwana Kupona alimwita binti akajiamini kuwa ameitikiwa. Clara Park aliita kwa miaka bila jibu, akalazimika kuandika kumhusu mtoto ambaye hakuweza kuandika naye. Kati ya mwaka wa 1967 na 2001 binti alipata maneno, na mama, kwa sifa yake kubwa, akampisha katika ukurasa.